Saa Tisa ya Babu

Jumamosi ile, saa sita mchana, jogoo wa wageni alikuwa bado mzima. Tulikuwa tumemfunika tenga nyuma ya jiko, na kila gari lilipopita barabarani aliwika. Maharage ndiyo kwanza yalianza kutokota. Wifi yangu alikuwa ameketi mkekani na ungo wa mchele, anatoa chuya na mawe taratibu kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Mama alikuwa amefumua nywele upande mmoja, upande wa pili bado zimesukwa. Vitambaa vya makochi nilikuwa nimevifua asubuhi ileile na kuvianika kwenye kamba inayokatiza uwanja, vinachuruzika maji. Na Babu, chini ya mwembe, alikuwa na singlendi tu, kioo mkono wa kushoto, wembe mkono wa kulia, povu la sabuni limejaa shavu moja.

Ndipo tukasikia, "Hodi hapa!" Kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani.

Walikuwa wanne: mdogo wangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi huko Uingereza, mumewe, na wazazi wa mumewe, waliosafiri mpaka Songea kuja kutuona kwa mara ya kwanza. Walipita chini ya vitambaa vyangu wameinamisha vichwa, maji yanawadondokea mabegani. Mdogo wangu alitazama jiko, akatazama ungo, akatazama shavu la Babu.

"Dada, hamkupata ujumbe?"

Ujumbe tuliupata. Ulikuja Alhamisi kwenye simu yangu, na simu ilikuwa nyumbani inachajiwa wakati mimi niko sokoni kutafuta samaki. Aliyeuandika ni mama mkwe mwenyewe, kwa Kiingereza, maana alitaka salamu zake zitufikie kwa mkono wake bila kupitia kwa mtu. Mwanangu, aliyekuwa kidato cha pili, alimsomea Babu: wageni watafika Jumamosi, na wakati umetajwa kwa neno moja, "noon".

"Saa sita mchana," kijana akasema.

"Hapana," Babu akasema. "Noon ni Nona. Na Nona ni saa tisa. Nenda ukamwambie mama yako wageni wanakuja saa tisa."

Kijana alijaribu kusema wanavyofundishwa shuleni. Babu akamwambia kwamba neno hilo yeye alilijua kabla mama yake hajazaliwa. Kwetu kauli ya Babu hairudiwi. Niliporudi na kapu langu nikapewa habari, saa tisa, nami nikashukuru moyoni, maana saa tisa ilinipa asubuhi nzima ya kupika. Sikuifungua simu kuhakikisha. Siku ya tatu yake, mkwe amesimama mbele yangu, mabega mabichi.

Siwezi kusema kwamba wageni wale walitupa taabu. Mama mkwe alivua saa yake ya mkononi, akaketi mkekani karibu na wifi, akaomba ungo. Mwanzoni alikuwa akitupa mchele na kubakiza jiwe. Wifi akamshika vidole, akamwonyesha jinsi ya kutanda mchele mwembamba mpaka jiwe lijionyeshe lenyewe kwa rangi. Baada ya nusu saa akawa anachagua sawasawa. Mumewe alikaa na mama yangu wakibangua karanga, mmoja anazungumza Kingoni kilichochanganyika na Kiswahili, mwingine Kiingereza, wanaitikiana. Jogoo alichinjwa. Mbasa niliowanunua, samaki wa Mbamba Bay, waliingia kwenye mafuta wakati vitambaa vimeanza kukauka. Babu aliingia ndani na shavu moja lenye povu, na alipotoka alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, akawapa wakwe zake mikono miwili.

Chakula kilitengwa mezani saa tisa. Kijana wangu, kwa nia njema kabisa, akasema kwa sauti, "Basi Babu ameshinda, tunakula saa tisa." Watu wakacheka. Babu hakucheka.

Nilimwona uso wake, na chakula kikaniganda kooni. Mzee huyu ni seremala. Milango yote ya nyumba yetu ni yake, na nusu ya milango ya mtaa. Kwa maisha yake yote hajawahi kutaja kipimo bila kupima. Leo, mbele ya wakwe, ameonekana mtu aliyeshikilia neno asilolijua. Siku mbili zilizofuata hakukaa barazani. Alikuwa akienda kwenye banda lake la kazi na kurudi, na mwanangu akimsalimia shikamoo anaitikia marahaba na kupita.

Kabla wageni hawajaondoka Songea, mama mkwe alimfuata kule bandani pamoja na mdogo wangu wa kutafsiri. Hakwenda kumpoza. Alikwenda kumuuliza: saa tisa ameitoa wapi? Babu akaweka randa chini, akaeleza.

Utotoni alilelewa Peramiho, mwendo wa kilometa kama 25 kutoka hapa mjini, kwenye misheni ya Wabenedikti iliyoanzishwa mwaka 1898. Alitumikia altare Misa ikiwa bado inasomwa kwa Kilatini, na mchana alijifunza useremala. Bruda aliyemfundisha kunyoosha mbao ndiye aliyemfundisha majina ya sala za watawa: Prima, Tersia, Seksta, Nona. Na maana zake ni hesabu tupu: ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa. Babu, mtoto wa Kingoni, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ya kwanza ni saa moja, jua limechomoza. Ya tatu ni saa tatu. Ya sita ni saa sita, jua la utosi. Ya tisa ni saa tisa. Yule bruda alimwambia pia kwamba Waingereza wana neno lao lililotokana na Nona, nalo ni "noon". Hilo Babu alilihifadhi kwa zaidi ya miaka sitini kama mtu anayehifadhi patasi nzuri, na Alhamisi ile, neno lilipoingia nyumbani, akalitoa.

Mama mkwe alikuwa mkutubi mpaka alipostaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kidaftari, na walipofika kwao Bristol akaanza kutafuta. Ujumbe wake wa kwanza ulikuja baada ya juma moja. Nilimsomea Babu mwenyewe, neno kwa neno, barazani, na nilihakikisha mwanangu na wifi wako karibu.

Babu alisema kweli. Neno ni lilelile. Warumi waliugawa mchana, kutoka macheo hadi machweo, katika saa kumi na mbili, na saa ya tisa waliiita "nona hora". Kanisa likaichukua saa hiyo likaifanya wakati wa sala. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliposema "non" walimaanisha saa hiyohiyo ya tisa, jua limeshaegemea magharibi. Katikati ya mchana walikuwa na neno lao jingine, ambalo wanalo hata leo, la maana hiyohiyo ya mchana wa kati. Kwa hiyo kama mama mkwe angeishi zama zile akatuletea ujumbe, jogoo angekuwa ameiva na vitambaa viko kwenye makochi.

"Sasa nani aliihamisha?" Babu akauliza.

Swali hilo mimi na mkwe tulilibeba kwa majuma kadhaa, na jibu ninalolipenda kuliko yote linatokana na njaa. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni ya watawa katika karne ya 6, alipanga saa za kula pamoja na saa za kusali. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka Kwaresima watawa walikula mlo wao baada ya Nona, na wakati wa kiangazi Jumatano na Ijumaa walifunga mpaka Nona pia, ila kama kazi ya shamba ni nzito au joto limezidi. Ndani ya Kanuni hiyohiyo, kwa miezi ya kiangazi, Benedikto mwenyewe anaagiza Nona isaliwe mapema kidogo, katikati ya saa ya nane. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Kumbe aliyeipa Nona msukumo wa kwanza ni baba wa watawa mwenyewe.

Fikiria watu wamelima tangu alfajiri, matumbo matupu, na kinachosimama kati yao na mkate ni sala moja. Sala haiwezi kurukwa. Lakini inaweza kuwahishwa. Mwaka huu nusu saa, kizazi kijacho saa nzima, na kila kengele ilipowahi, jina lilikwenda pamoja na kengele, maana watu wa kawaida hawakuwa na saa ukutani. Kwao Nona ilikuwa wakati kengele ya Nona inapolia na chakula kinapotengwa. Wataalamu wengi wanaieleza safari hiyo hivyo, ama kwa sala kusogea ama kwa mlo kusogea, na mimi niliyesimama jikoni Jumamosi ile wageni wananitazama sina shida ya kuamini kwamba mlo unaweza kuvuta saa. Kufikia karne ya 14 "noon" ilikuwa imekwishakaa kwenye jua la utosi, ilipo leo. Na kiasi cha mwaka 1300 neno la Kiingereza la alasiri lilikuwa limeanza kuonekana katika maandishi, likiwa na maana ya baada ya noon. Alasiri ndiyo ilikuwa noon yenyewe, sasa ikawa inayofuata nyuma yake.

Njaa ile iliacha alama nyingine. Waingereza walikuwa na neno "nuncheon", lililomaanisha kinywaji cha noon, kitu kidogo cha mfanyakazi cha kushikizia tumbo. Nilimweleza mama yangu kwa maneno machache, "Chai ya kubanguia karanga," naye akaelewa mara moja.

Wengine hawakuisogeza. Huko Iceland "nón" imebaki saa tisa alasiri hadi leo. Wahispania nao walichukua saa ya sita, "sexta", wakaiita "siesta", na badala ya kula ikawa kulala. Nikafurahi kujua kwamba usingizi wa mchana wa watu wa Hispania jina lake ni saa sita.

Lakini kilichomwinua Babu kutoka kwenye kigoda hakikutoka Bristol. Kilitoka kabatini kwake. Siku moja alikuja na Biblia yake, ile yenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa viatu, akaniambia nisome Mathayo, mahali pa kufa kwa Bwana. Giza kutoka saa sita mpaka saa tisa. Kisha Matendo ya Mitume, Petro na Yohana wakipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Kisha mfano wa wakulima wa mizabibu: mwenye shamba anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. "Waingereza wakisoma hapa," akauliza, "wanaelewa ni saa ngapi?"

Nilimpelekea mkwe swali hilo. Akajibu kwamba kwao imeandikwa saa ya tatu, saa ya tisa, na msomaji asiyefundishwa huenda akadhani wafanyakazi waliajiriwa usiku. Anahitaji maelezo pembeni ya ukurasa. Sisi tunasoma tu. Mtoto wa darasa la nne wa Songea akisoma kwamba mtu ameajiriwa saa kumi na moja anajua jua linakaribia kuzama na kibarua kimebaki kidogo. Hesabu ya Warumi, hesabu ya Wayahudi wa wakati ule, na hesabu ya saa ya mama muuza vitumbua hapa kituoni zinaanzia mahali pamoja: jua linapotoka.

Nilitafakari sana kwa nini kwetu imedumu na kwao imepotea. Sababu moja iko juani. Bristol mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana hauzidi saa nane, na mwezi Juni unapita saa kumi na sita. Ukiukata kila mmoja vipande kumi na viwili, saa ya Desemba inakuwa dakika kama 40, na ya Juni dakika kama 83. Saa za chuma zilipoanza kuenea Ulaya katika karne ya 14, zilizogonga saa zinazolingana mwaka mzima, hesabu ya kufuata macheo haikuweza kuishi nazo. Kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Jua likitoka ni alfajiri ya saa kumi na mbili na kitu, leo na mwakani. Hakukuwa na cha kutulazimisha tuache.

Na sisi pia tunataja nyakati kwa sala bila hata kufikiri. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha: majina ya sala za Waislamu, na hapa kwetu Mkatoliki anayatumia, na asiye na dini anayatumia, kwa kupanga kikao au kumwita fundi. Neno "noon" ni ndugu wa neno "alasiri". Yote mawili yalianza msikitini au kanisani yakatoka nje kufanya kazi za watu. Tofauti ni kwamba mwadhini hufuata kivuli, na kivuli hakioni njaa.

Kuna jambo la usiku nalo mkwe alilipata. Washairi wa Kiingereza wa karne ya 17 walikuwa wakiuita usiku wa manane noon ya usiku, yaani kilele chake. Nikamwambia, hapo walitukaribia, maana sisi saa sita ziko mbili, ya mchana na ya usiku, na tunazitenga kwa neno moja la mwisho. Wao leo wakiandika 12 na kuongeza herufi za Kilatini za kabla au baada ya mchana wa kati, watu wanakosa ndege na wanakosa miadi, kwa kuwa mchana wa kati wenyewe hauko kabla wala baada ya mchana wa kati. Ndiyo maana hospitalini kwa mdogo wangu wameambiwa waandike "noon" kwa herufi zote. Neno lililotuangusha sisi ndilo linalowaokoa wao.

Babu alinisikiliza nikimweleza yote haya kwa jioni nyingi. Aliporidhika, alimwita mwanangu, akamwambia, "Ulisema kweli, saa sita. Na mimi nilisema kweli." Kijana akajibu, "Ndiyo, Babu." Tangu siku ile wanakaa wote barazani.

Mwezi Novemba mkwe alituma picha ya saa kubwa iliyo ukutani mwa jengo la zamani la soko la nafaka huko kwao, Bristol. Saa ile ina mishale miwili ya dakika. Bristol iko magharibi ya London, jua linaifikia dakika kumi baadaye, kwa hiyo noon ya Bristol ilikuwa dakika kumi nyuma ya noon ya London. Reli ilipofika na ratiba za London, mji ukawa na noon mbili, na saa ikaonyesha zote. Mwaka 1852 Bristol ilikubali kufuata saa ya London. Mwishoni mwa ujumbe aliuliza: "Na kwenu, Mkwe, jua hufika utosini saa sita kweli?"

Babu hakujibu kwa mdomo. Alichonga kijiti cha mninga cha mita moja, akakisimamisha uwanjani, akakipima wima kwa timazi yake kila upande. Kisha akaanza kuweka kokoto penye ncha ya kivuli, kila siku, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba. Watoto wa mtaani wakawa wanakuja kutazama. Saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Songea iko kama nyuzi tisa na zaidi magharibi ya mstari huo, na kila nyuzi moja jua huchukua dakika nne. Kwa hesabu, mwishoni mwa Desemba jua letu hufika kileleni saa sita na dakika kama 37. Hesabu hiyo niliifanya mimi na mwanangu kwenye daftari. Babu aliifikia kwa kokoto, siku tatu kabla yetu.

Siku ya Krismasi tulipiga simu ya picha. Bristol ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, kuna mvua dirishani, wakwe wamevaa masweta. Huku kwetu pilau ilikuwa imepakuliwa kwenye sinia tangu saa sita kamili, imefunikwa kanga, na watoto wamekaa kwenye mkeka wametazama sinia. Mama amesuka nywele zote. Vitambaa viko kwenye makochi. Babu alikuwa ameinama kwenye kijiti chake na koti la Krismasi, simu mkononi ameielekeza chini ili mkwe aone. Kivuli kilikuwa kinazunguka polepole kuelekea kaskazini, kinafupika.

"Babu, saa sita imepita," mtoto mmoja akasema.

"Bado," Babu akasema. "Jua halijafika."

Hakuna aliyegusa sinia. Mkwe naye, kwa Kiswahili, kule kwenye mvua yake, akasema, "Bado." Kivuli kikafika urefu wa shubiri moja, kikaonekana kama kimesimama. Babu akaweka kokoto ya mwisho, akanyoosha mgongo.

"Noon," akasema. "Leteni chakula."